Jiko la kubebeka kwenye gesi ya karavani: kwa nini moto unakuwa hafifu

Swali: "Nina karavani yenye mitungi miwili ya propani mbele, na ubavuni kuna soketi ya gesi iliyoandikwa 'presha ndogo'. Nina pia jiko dogo la kubebeka la kuchomea nyama, lile linalofungwa kikopo cha gesi. Nilinunua mpira wenye kichwa kinachoingia pale pa kikopo, nikauchomeka kwenye soketi. Jiko linawaka, lakini moto ni mdogo mno, upepo ukipita unazimika, na nyama inatoa maji tu bila kubadilika rangi. Nikirudisha kikopo linawaka vizuri kabisa. Jirani wa kambini anasema ning'oe regulata ya jiko. Mwingine anasema nitanue tundu la gesi kwa sindano. Wa tatu anasema nichukue gesi moja kwa moja kwenye mtungi. Nani yuko sahihi? Na mvua ikinyesha, naweza kulitumia chini ya turubai la mlangoni?"

Jibu: Jiko lako ni zima, na kwa maelezo yako mfumo wa gesi wa karavani nao ni mzima. Ushahidi umeutoa mwenyewe uliposema kwamba ukirudisha kikopo jiko linawaka vizuri. Kinachotokea ni kwamba gesi inashushwa presha mara mbili: kwanza na regulata iliyoko kwenye mitungi, halafu na regulata iliyojengwa ndani ya jiko. Inatakiwa ishushwe na moja tu. Majirani zako wote watatu wamelishika jambo hilohilo, kila mmoja kwa upande wake. Wa kwanza anaweza kuwa sahihi, ila kwa masharti. Wa tatu yuko karibu na ukweli, ingawa kauli yake ukiifuata kama ilivyo unaweza kuungua. Wa pili usimsikilize kabisa.

Ndani ya mtungi, propani ni kimiminika, na juu yake umekaa mvuke. Presha ya mvuke huo haitegemei mtungi umejaa kiasi gani, inategemea joto. Mtungi uliojaa na uliobaki robo, ikikaa kwenye kivuli kimoja, ina presha ileile. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi, presha hiyo inazidi ya hewa ya nje kwa karibu baa 7. Jua likiupasha mtungi hadi nyuzi 38, inafika karibu baa 12. Friji, hita ya maji na jiko la ndani ya karavani havikutengenezwa kuhimili kitu kama hicho, ndiyo maana mitungini pamefungwa regulata inayoishusha hadi milibaa 27 au 28 kwa karavani za Marekani, ambako huandikwa inchi 11 za maji, na milibaa 30 kwa karavani nyingi za sasa za Ulaya. Milibaa 1,000 ndizo baa moja. Kwa hiyo kinachotoka kwenye soketi yako ya ubavuni ni pungufu ya kilichomo mtungini kwa zaidi ya mara 200.

Fundi hupima presha hiyo kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliopindwa kama herufi U na kutiwa maji hadi nusu. Ncha moja huchomekwa kwenye njia ya gesi, ya pili huachwa wazi. Gesi ikifunguliwa, maji ya upande mmoja hushuka na ya upande wa pili hupanda, na tofauti ya vimo hivyo viwili huwa kama sentimita 28. Basi, ni hiyo tu. Nguvu inayosukuma gesi hadi kwenye vyombo vyote vya karavani yako ni ya kuinua maji sentimita 28, kiasi ambacho mtu mzima anaweza kukifikia kwa kupuliza kwa mdomo.

Sasa tazama regulata ndogo ya jiko lako. Ndani yake kuna utando wa mpira, springi, na kitundu chembamba ambacho gesi lazima ipitie. Vyote vilipimwa kwa ajili ya kikopo, yaani kwa gesi inayokuja na presha ya baa kadhaa. Ukiipa milibaa 28, springi hufungua njia hadi mwisho, lakini kitundu ni kilekile. Ni bawabu aliyezoeshwa kuzuia umati: leo wamekuja watu watatu, na mlango wake bado ni wa kupita mmoja mmoja kwa ubavu. Presha kidogo iliyokuwapo inapotea palepale, na kwenye kichomeo hufika mabaki. Kiasi cha gesi kinachopita kwenye tundu hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo presha ikibaki robo, joto la moto linabaki nusu. Ndiyo maana jiko lako haligomi kuwaka, ila halina nguvu ya kuikausha nyama juu ndipo iive.

Kabla hujabadilisha chochote, hata hivyo, liondoe shaka moja. Viunganishi vingi vya mtungi vina kinga ndani yake: gesi ikikimbia ghafla, kama mpira umekatika, hujifunga na kuacha upenyo mdogo tu. Ukifungua koki ya mtungi kwa haraka huku njia ya mbele iko wazi, kinga hiyo hudhani pana mpira uliokatika, na dalili yake ni hiihii ya moto kufifia. Funga kila kitu, koki ya mtungi na vifundo vya vyombo vyote. Subiri dakika chache, kisha fungua koki ya mtungi polepole, ndipo uwashe. Jiko la ndani likiwaka kwa nguvu zake za kawaida huku la nje likibaki hafifu, tatizo si kinga, tunarudi kwenye regulata mbili.

Nianze na sindano, maana ndiyo ushauri unaosambaa kirahisi kuliko yote. Tundu la gesi kwenye jiko limetobolewa kwa kipimo cha sehemu ndogo za milimita, na kiasi cha gesi kinachopita hufuata eneo la tundu. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, gesi inaongezeka mara nne. Sindano haitoboi kwa kipimo, inakwaruza na kupanua upande mmoja, na gesi hutoka imepinda badala ya kwenda moja kwa moja katikati ya bomba la kuchanganyia hewa. Hewa isipotosha, moto unakuwa wa njano, masizi yanashika sufuria, na inazalishwa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Baya zaidi ni siku ambayo wewe, au ndugu uliyemwazima jiko, atalifunga tena kikopo. Regulata itafanya kazi yake kama kawaida, lakini tundu sasa ni pana, na moto utamfikia usoni.

Ushauri wa kuondoa regulata ya jiko ni wa kweli kwa baadhi ya majiko. Kuna majiko ya kubebeka ambayo regulata yake hushusha gesi hadi milibaa 28 au 30, kiwango kilekile cha soketi yako. Kwa jiko la namna hiyo, ukiondoa regulata na kuunganisha mpira wa soketi mahali pake, kichomeo kinapata hasa kile kilichokizoea, na baadhi ya watengenezaji huuza kifaa cha kufanyia badiliko hilo. Lakini yapo mengine, hasa majiko madogo ya kambini, ambayo regulata yake hutoa presha kubwa zaidi na matundu yake ni membamba kwa sababu hiyo. Hilo ukiling'oa regulata utakuwa umeharibu jiko na moto bado utakuwa mdogo. Tofauti huijui kwa kutazama umbo. Geuza jiko, tafuta kibandiko au bati lenye maandishi madogo, usome presha ya kichomeo. Ukikuta inchi 11 za maji, kilopaskali 2.74, au milibaa 28 hadi 30, uko kwenye kundi la kwanza. Kama kibandiko hakisemi, kitabu cha jiko kitasema. Visiposema vyote viwili, chukulia kwamba haliwezekani.

Kuna kikwazo kingine ambacho huwashangaza watu wakiwa tayari na spana mkononi: kwenye majiko mengi madogo, regulata na kifundo cha kuongezea moto ni kipande kimoja. Ukikitoa, umetoa na koki. Utabaki na jiko ambalo huwezi kulipunguza wala kulizima ila kwa kwenda kufunga kwenye soketi, na hilo silikubali hata kama nyama itaiva vizuri.

Sharti la mwisho la njia hii ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Jiko lililotolewa regulata ni jiko la presha ndogo kuanzia siku hiyo, daima. Lisikutane tena na kikopo, wala na mtungi usio na regulata. Baa 7 zikiingia kwenye kichomeo kilichozoea milibaa 28, hakuna koki ya jiko itakayozizuia kwa usalama. Usitegemee kumbukumbu yako, fanya isiwezekane. Kiunganishi cha kikopo kiondoke kabisa kwenye jiko na pafungwe cha soketi peke yake, kisha ile mipira na vichwa vya zamani usivihifadhi kwenye boksi moja na jiko.

Jirani wa tatu anasema uchukue gesi kwenye mtungi. Maana yake sahihi ni hii: uchukue gesi kabla ya regulata ya karavani, na uiache regulata ya jiko mahali pake. Kati ya mtungi na regulata ya karavani hufungwa kiungo cha shaba nyeupe chenye umbo la herufi T, chenye tawi la kufunga mpira wa jiko. Karavani inaendelea kupata gesi yake kupitia regulata yake, na jiko linapata presha ya mtungi, ambayo ndiyo ileile ya kikopo, kisha linaishusha lenyewe. Moto unarudi kama ulivyouzoea, na jiko halikuguswa. Ukitaka kesho kulichukua kwenda nalo ufukweni na kikopo chake, unalichukua.

Gharama ya njia hiyo ni kwamba sasa mpira mrefu uliolala ardhini unabeba presha yote ya mtungi. Lazima uwe mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wenye maandishi ubavuni yanayotaja gesi ya mitungi na presha ya juu. Marekani utakuta 350 psi, sawa na baa 24 hivi. Mpira ulionunua kwa ajili ya soketi huenda ukafanana nao kwa rangi na unene, na kwa kazi hii haufai. Mpira huo wa presha usipite mlangoni wala pale watu wanapokatiza, na usiguse bati la jiko lenye moto. Ukimaliza kupika, funga koki ya mtungi kwanza, uache moto wa jiko ufe wenyewe kwa kumaliza gesi iliyobaki ndani ya mpira, ndipo ufunge kifundo cha jiko na kufungua mpira. Watu wengi hufanya kinyume, na wanapofungua kiungo wanapuliziwa gesi mkononi. Na usimwamini mtu atakayekuuzia kiungo cha T cha kufunga baada ya regulata ya karavani akisema ni kilekile. Ukikifunga huko unarudi kwenye regulata mbili, ulikoanzia.

Ipo njia ya nne ambayo majirani hawakuitaja, labda kwa sababu haina ufundi wa kujivunia: mtungi mdogo wa kujazwa, wa peke yake, wenye mpira wa kuufunga kwenye jiko lako lilivyo. Karavani haiguswi. Najua kwa nini watu wanataka kuachana na vikopo. Jiko la kilowati 3 likiwaka kwa nguvu zote hula kama gramu 220 za propani kwa saa, kwa hiyo kikopo cha gramu 465 kinaisha kwa saa mbili na kidogo, na kwenye baridi kinatoka jasho, kinaganda nje na kuanza kuishiwa nguvu kabla hakijaisha. Hiyo ni kwa sababu gesi inapochemka kutoka kwenye kimiminika huchukua joto la kikopo chenyewe, na kikopo kidogo hakina eneo la kutosha la kulirudisha kutoka hewani. Mtungi wa kilo 3 au 5 unaondoa shida zote mbili. Ila vikopo vya kutupwa usivijaze upya kutoka mtungi mkubwa, hata ukiona vifaa vya kujazia vikiuzwa. Vali yake haikutengenezwa kufunguliwa na kufungwa mara nyingi, na hakuna kitakachokuonya kikijaa kupita kiasi.

Ukiniuliza ningechagua nini kwa hali yako: kama jiko lako kibandiko chake kinasema presha ndogo na mtengenezaji anauza kifaa cha kubadilishia, badilisha, na utumie soketi uliyonayo. Kama sivyo, usilipige jiko spana. Chukua mtungi mdogo wa pembeni ikiwa unachoma nyama mara mojamoja, au funga kiungo cha T ikiwa unapika nje karibu kila siku. Na siku jiko hili likichakaa, nunua linalouzwa likiwa tayari kwa soketi ya presha ndogo, lisilo na regulata.

Kuhusu kufunga viungo, machache. Kiungo chenye mdomo uliopanuliwa, ambacho shaba hukaa juu ya shaba, hakifungwi tepu. Tepu hukizuia kukaa vizuri. Tepu, tena ile ya gesi, ni kwa hesi za bomba zilizo nyembamba nchani na zinazozidi kuwa nene kadiri zinavyotoka kwenye ncha hiyo. Baadhi ya viungo vya mtungi hukazwa kinyume na kawaida, kuelekea kushoto, kwa hiyo kikikataa usikilazimishe, jaribu upande wa pili kwanza. Kisha changanya sabuni ya maji na maji, paka kwenye kila kiungo huku gesi imefunguliwa na jiko limezimwa, na utazame kwa dakika nzima bila haraka. Uvujaji mkubwa hufanya mapovu yanayokua na kupasuka. Mdogo hufanya kitu kinachofanana na povu la bia, vipovu vidogo vinavyojikusanya mahali pamoja taratibu, na huu ndio unaokosewa na anayetazama kwa sekunde tano. Kukaza zaidi si dawa ya kila uvujaji. Fungua, kagua mpira wa kuzibia na uso wa kiungo, ufunge upya. Usitafute uvujaji kwa kiberiti. Naandika hili kwa sababu bado wapo wanaofanya hivyo.

Sasa turubai. Kama ni paa tu, pande zote zikiwa wazi, na jiko limewekwa ukingoni ambako juu yake hakuna kitambaa, hilo linavumilika, mradi kitabu cha jiko kinaruhusu umbali huo. Kama turubai lina kuta, hata mbili au tatu, jibu ni hapana. Propani ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo ikivuja haipai, inatambaa chini na kukaa kwenye kona na mashimo, na inahitaji asilimia 2 hivi tu ya hewa hiyo iweze kushika moto. Kaboni monoksidi nayo hujikusanya chini ya paa lenye kuta upesi kuliko mtu anavyodhani, na mlango wa karavani uko palepale. Weka jiko mbali na mlango, madirisha na matundu ya friji, upande ambao upepo unauondoa moshi na si kuuingiza. Mvua ikizidi, pika ndani kwenye jiko la karavani, dirisha likiwa wazi kidogo na tundu la paa limefunguliwa. Nyama ya kuchoma isubiri.

Kazi unayoweza kuifanya mwenyewe ni kufunga na kufungua mpira, kupaka sabuni, kusoma kibandiko. Bomba lililofungwa kwenye chasisi, soketi yenyewe, au regulata ya karavani ni kazi ya fundi wa gesi aliyesajiliwa, na nchi nyingine sheria inataka hivyo. Muite pia ukiona moto wa njano kwenye vyombo vya ndani, masizi juu ya tundu la friji, moto wa jiko la ndani unaopanda na kushuka wenyewe, au regulata inayolia. Watengenezaji wengi hushauri regulata na mipira ibadilishwe baada ya miaka kama 10 hata kama inaonekana mizima, na tarehe huwa imechapishwa ubavuni. Ukisikia harufu ya gesi au king'ora kikilia, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Toa watu nje, funga koki za mitungi, acha milango wazi, na usirudi ndani hadi fundi apime.

Akija kufunga kiungo cha T au kubadilisha soketi, mwombe apime mara mbili: vyombo vyote vikiwa vimezimwa, kisha friji, hita na jiko la nje vikiwaka kwa pamoja. Kipimo cha kwanza kinaonyesha kama regulata inafunga vizuri bila kuachia presha ipande. Cha pili kinaonyesha kama inamudu mzigo mpya uliouongeza. Presha ikianguka sana hapo, hata jiko jipya la presha ndogo litawaka hafifu, na utafutaji wa tatizo utahamia kwenye unene wa bomba au kwenye regulata ya mitungini.